Rivolva, bastola ya mfukoni, nyembamba au ya wastani: ipi ya kubeba kila siku?

Waswahili husema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe, sawa. Kwa bastola ya kubebwa chini ya nguo kutwa nzima, anayechukua ya kwanza aliyoonyeshwa mara nyingi huishia kuifungia kabatini baada ya wiki mbili: inamchoma ubavuni akikaa, inavuta suruali chini, au inampiga teke la mkono hadi anaogopa kwenda kufanya mazoezi. Aliyechagua kwa kuuliza mwili wake kwanza, mkono, kiuno, nguo anazovaa, hubaki nayo miaka.

Ulinganisho huu ni wa mtu ambaye tayari ana kibali, au yuko mbioni kukipata, na amekwama kati ya aina nne. Sheria za nani aruhusiwe, abebe wapi na risasi za namna gani hutofautiana sana nchi kwa nchi, na katika baadhi ya nchi jimbo kwa jimbo, kwa hiyo hilo limalize na mamlaka ya unakoishi kabla ya kusoma zaidi. Kuna na swali jingine ambalo wauzaji hawaliulizi. Je, nyumbani kuna mtu anayepitia kipindi kizito cha huzuni, au mlevi, au ugomvi usiokwisha? Imethibitika mara nyingi kwamba silaha ndani ya nyumba huongeza hatari ya mtu kujiua. Ikiwa jibu ni ndiyo, chaguo zuri kwa sasa huenda lisiwe hata moja kati ya haya manne.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni kuificha. Watu wengi hutazama urefu wa mtutu, na hapo ndipo wanapokosea. Mtutu huzama ndani ya suruali, hauonekani. Kinachokufichua ni mpini, kwa sababu ndio unaobaki juu ya mkanda na kuisukuma shati ukiinama kuokota kitu. Upana nao ndio unaoamua kama utaweza kukaa nayo kwa muda wa saa nane. Kwa hiyo ukipima, anza na urefu wa mpini, fuatia upana, kisha uzito. Mtutu uje mwisho.

Cha pili ni kuimudu: ugumu wa kifyatulio, ambacho wengi huita triga, nafasi ya vidole kwenye mpini, nguvu za kuvuta slaidi, yaani kile chuma cha juu unachokirudisha nyuma ili kukoki, na teke lake. Risasi ileile ikifyatuliwa kwenye bastola nyepesi hupiga teke kubwa kuliko kwenye nzito, na hakuna fundi anayeweza kuikwepa kanuni hiyo.

Cha tatu ni risasi, idadi na nguvu. Hapa majina ya kaliba, yaani vipimo vya risasi, yanadanganya. .38 Special, .380 na 9mm zote zina kichwa chenye kipenyo cha milimita 9 na ushee. Tofauti yao kubwa ni uzito wa kichwa na mwendo. Kipimo kinachotajwa sana ni cha FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kilichozaliwa baada ya mapambano ya risasi kati ya maafisa wake na majambazi huko Miami mwaka 1986: risasi ipenye kwenye jelatini maalumu inayoiga nyama ya mwili kati ya inchi 12 na 18, yaani takriban sentimita 30 hadi 46. Ikiishia kabla ya hapo haitoshi. Ikizidi sana, inaweza kumtoka uliyemlenga na kumpata asiyehusika.

Cha nne ni kuaminika na matunzo, kwa maana ya kwamba itafyatuka siku ikihitajika, hata baada ya kukaa miezi mingi kwenye jasho na nyuzi za nguo.

Bei nimeiacha makusudi. Hubadilika kila pahali, na tofauti ya bei kati ya bastola mbili nzuri ni ndogo ukilinganisha na gharama ya risasi za mazoezi utakazonunua mwaka wa kwanza.

1. Rivolva ndogo ya risasi tano

Hii ndiyo mzee wa kundi. Smith & Wesson walitoa Chiefs Special mwaka 1950, na umbo lile bado linauzwa. Mfano wa leo ni Smith & Wesson 642, gramu 410 hivi, mtutu wa chini kidogo ya sentimita 5, nyundo imefichwa ndani ili isinase kwenye nguo. Ruger LCR iliyoingia sokoni mwaka 2009 ni nyepesi zaidi kidogo.

*Kuificha.* Silinda, yaani gurudumu linalozunguka lenye matundu ya risasi, ni nene, zaidi ya sentimita 3, na kiunoni utaihisi. Lakini umbo lake la mviringo halijichori kwenye nguo kama bastola yenye pembe, na mfukoni hukaa kama pochi au rundo la funguo. Mpini wake mdogo uliopinda ni rahisi kuushika kutoka mfukoni.

*Kuimudu.* Hapa ndipo wanaoanza wanapodanganywa zaidi. Husikia "rivolva ni rahisi" wakadhani ni rahisi kulenga. Ni rahisi kuielewa: fungua silinda, ona risasi, funga. Hakuna slaidi ya kuvuta, jambo kubwa kwa mwenye mikono dhaifu. Kuipiga kwa shabaha ni habari nyingine. Triga yake huhitaji nguvu ya kilo tano na zaidi katika mwendo mrefu, wakati bastola yenyewe haifiki hata nusu kilo, kwa hiyo kidole kikivuta, mtutu wote unataka kuhama. Vilengeo vyake ni mfereji mdogo tu juu ya chuma. Ongeza teke kali, na unapata silaha ya mtaalamu iliyovishwa nguo za mwanafunzi. Tena, mwenye vidole dhaifu aliyekimbia slaidi anaweza kukuta triga hii nayo haivutiki.

*Risasi.* Tano. Kujaza upya ni polepole, hata kwa kifaa cha kujazia. Kaliba ni .38 Special, ya tangu mwishoni mwa karne ya 19, na katika mtutu mfupi namna hii risasi nyingi zinazofunguka, zile ambazo kichwa hutanuka kikipiga mwili, huwa hazifunguki vizuri. Chagua iliyotengenezwa kwa mitutu mifupi.

*Kuaminika.* Inastahimili kusahauliwa. Risasi isipolia, vuta triga tena, inakuja inayofuata. Ikibanwa kwenye mwili wa mshambuliaji itaendelea kufyatua, ilhali bastola ya slaidi ikisukumwa kwenye mdomo wa mtutu inaweza kukataa. Lakini usiamini maneno ya kwamba rivolva haikwami. Uchafu mdogo chini ya nyota ya kutolea maganda huzuia silinda kufunga, na katika zilizo nyepesi sana teke linaweza kuchomoa vichwa vya risasi zilizosalia hadi silinda ikagoma kuzunguka. Inapokwama hivyo, huitengenezi pale pale.

*Inamfaa* anayebeba mfukoni, asiyeweza slaidi lakini mwenye kidole imara, na mwenye kuhitaji silaha ya pili. Haimfai atakayefanya mazoezi mara mbili kwa mwaka na kuridhika.

2. Bastola ya mfukoni ya .380

Kaliba hii ilitoka kwa John Browning mwaka 1908. Ruger LCP ya mwaka 2008 ndiyo iliyoifufua: takriban gramu 270, upana wa sentimita 2 na kidogo, risasi sita kwenye magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Toleo la LCP Max, la mwaka 2021, lina magazini ya risasi kumi na uzito umepanda kiasi kidogo tu.

*Kuificha.* Hakuna mshindani. Suruali nyepesi, kaptura, gauni lenye mfuko, zote zinaibeba. Unaisahau kwamba ipo, na hilo nalo ni hatari yake, maana mtu huingia nayo mahali palipokatazwa bila kukumbuka.

*Kuimudu.* Vidole viwili kwenye mpini, cha tatu kinaning'inia. Inauma. Kwa mita tatu hadi tano unaweza kuwa sahihi. Zaidi ya hapo inataka uvumilivu. Mshiko ukilegea, slaidi hairudi sawasawa na bastola inakwama.

Kuna ndugu yake mkubwa asiyefanana naye hata kidogo. Smith & Wesson Shield EZ ya .380, ya mwaka 2018, ina ukubwa wa karibu na bastola za kawaida, uzito wa nusu kilo na ziada, risasi nane, na slaidi iliyotengenezwa makusudi ivutike kwa mikono yenye baridi yabisi. Si ya mfukoni, lakini wengi wanaohamia .380 kwa ajili ya mikono wangepaswa kuanzia hapo.

*Risasi.* Nguvu ni ya mpakani. Ikifunguka, mara nyingi haifiki kina kile cha inchi 12. Ikifika, mara nyingi haijafunguka. Waliobobea wengi huchagua kina.

*Kuaminika.* Mashine ndogo hazina nafasi ya makosa. Nyuzi za mfukoni hujaa, springi huchoka mapema. Isafishe kila mwezi hata kama hujaifyatua.

*Inamfaa* ambaye mavazi ya kazi yake hayaruhusu kingine. Kwake yeye, .380 anayoibeba ni bora kuliko 9mm iliyobaki nyumbani.

3. Bastola nyembamba ya 9mm

Hadi miaka michache iliyopita, wembamba ulikuwa na bei yake: Glock 43 ya mwaka 2015 ilichukua risasi sita tu. SIG Sauer P365 ilipotoka mwaka 2018 ikageuza hesabu, risasi kumi katika mwili wa takriban ukubwa uleule, kwa kuzipanga kwenye magazini karibu safu mbili zinazoungana juu. Mwaka uliofuata Springfield Hellcat ikaja na kumi na moja, na Glock wakatoa 43X yenye kumi na mpini mrefu zaidi.

*Kuificha.* Upana wa sentimita 2.5 hivi, urefu wa juu hadi chini karibu sentimita 11, uzito wa nusu kilo ikiwa na magazini tupu. Chini ya shati la kawaida lililoachwa nje, hupotea. Chini ya shati lililochomekewa inawezekana, kwa ala maalumu na kwa kupoteza wepesi wa kuichomoa. Mfukoni ni kubwa kidogo.

*Kuimudu.* Triga ni nyepesi kuliko ya rivolva kwa karibu nusu, vilengeo ni vya kweli, na wengi wanaopima kwa uaminifu hupiga nayo vizuri zaidi kuanzia siku ya kwanza. Teke lipo, la ghafla na la juu. Slaidi yake ni ngumu kuliko ya bastola kubwa, kinyume na wanavyodhani watu, kwa sababu slaidi ndogo huhitaji springi kali na mkono hauna pa kushika. Nimewaona watu wenye nguvu wakihangaika nayo kwa kuwa wanaivuta kwa vidole viwili. Shika kwa kiganja kizima juu yake, kisha usukume mpini mbele kwa mkono wa kulia badala ya kuvuta slaidi nyuma peke yake. Ikiwa hata hivyo haiendi, rudi kwenye Shield EZ.

*Risasi.* Kumi hadi kumi na tano kutegemea magazini, na 9mm za kujilinda za leo hufika kwenye kipimo kile hata kwa mtutu mfupi. Kwa kawaida ndizo pia risasi za bei nafuu kuliko za aina nyingine hapa, na unafuu huo utauona kwenye mazoezi.

*Kuaminika.* Nzuri, kwa masharti. Springi hubadilishwa mapema kuliko za bastola kubwa, fuata kitabu cha mtengenezaji. Na kabla ya kuiamini, ipige risasi mia mbili bila kukwama, hamsini kati ya hizo ziwe zile utakazobeba.

Jambo ambalo wengi hulipita mbio: nyingi kati ya hizi hazina kitasa cha usalama cha kubonyeza kwa mkono, au hukiweka kama hiari. Triga ni nyepesi, risasi iko kwenye chemba, tayari kufyatuliwa, na mtutu unaelekea paja au kinena chako. Usalama wote uko kwenye kidole na kwenye ala. Nitarudi hapo.

*Inamfaa* mtu wa kawaida mwenye nguo za kawaida na ratiba ya mazoezi. Haimfai mwenye mikono dhaifu, wala anayetaka kuitupa kwenye mkoba bila ala.

4. Bastola ya wastani

Glock 19 imekuwapo tangu 1988 na bado ndiyo watu wanayoipimia nyingine: risasi kumi na tano, mtutu wa milimita 102, upana wa milimita 34, na uzito wa karibu gramu 850 ikiwa imejazwa.

*Kuificha.* Mpini unazidi wa P365 kwa karibu sentimita mbili. Sentimita mbili hizo ni shati moja zaidi. Kwenye joto, kwa mtu mwembamba, inajichora. Mwenye mwili mkubwa au anayevaa koti anaweza asione tofauti. Mkanda wa kawaida hautoshi, tafuta mgumu.

*Kuimudu.* Hapa inawashinda wote. Vidole vyote vina pa kukaa, teke ni pole, slaidi inavutika, triga ya kilo mbili na nusu hivi. Mtu hufanya mazoezi ya saa nzima bila kuumia, kwa hiyo hurudi tena wiki inayofuata.

*Risasi na kuaminika.* Sina la kuongeza. Ni nyingi, ni 9mm, na mashine ya ukubwa huu ndiyo inayosamehe zaidi mshiko mbovu na uchafu.

*Inamfaa* anayeanza, anayetaka bastola moja ya kubeba na ya kulinda nyumba, na ambaye nguo zake zinaruhusu.

Ala kabla ya bastola

Ningekuwa na sauti moja tu kwenye makala haya, ningeitumia hapa. Ajali nyingi za wabebaji hutokea wakati wa kurudisha bastola, si wakati wa kuichomoa. Ncha ya shati au kamba ya koti huingia kwenye kikinga cha triga, mtu anasukuma bastola chini, na chuma hakijui kwamba kile si kidole. Ala ifunike triga yote, iwe ngumu isiyojikunja mdomo bastola ikitoka, na itengenezwe kwa bastola hiyohiyo. Ukirudisha, tazama, na usiharakishe. Hakuna mashindano ya kurudisha bastola.

Hata ya mfukoni ina ala yake, na mfuko huo usiwe na kitu kingine, hata sarafu. Kwenye mkoba, iwe na sehemu yake yenye ala, na mkoba usiachwe kitini hata dakika moja, kwa mwizi na zaidi kwa mtoto. Ikivuliwa usiku, inaingia kwenye kisanduku chenye kufuli, moja kwa moja, kabla ya chai na kabla ya simu.

Kwa hali yako

Ikiwa hujawahi kumiliki bastola, jifunze kwa ya wastani hata kama hatimaye utabeba ndogo. Wanaoanzia kwenye LCP au rivolva ya gramu 400 hujifunza kitu kimoja kwanza, kukunja uso kabla ya mlio, na tabia hiyo huchukua miezi kuitoa.

Ikiwa mikono ina maumivu au nguvu zimepungua, jaribu vitu viwili kwa mikono yako mwenyewe: kuvuta slaidi ya Shield EZ mara kumi mfululizo, na kuvuta triga ya rivolva isiyo na risasi mara kumi. Kinachokwenda hadi ya kumi bila kutetemeka ndicho chako. Mwenzi au mwanao asikuchagulie kwa kudhani kwamba ndogo ndiyo nyepesi kwako.

Ikiwa unavaa shati la kuchomekea kila siku ya kazi, chaguo liko kati ya mfukoni na nyembamba. Jaribu kukaa nayo nyumbani, bila risasi, siku nzima: kwenye kiti, kwenye gari, ukifunga viatu.

Ikiwa unakaa sana kwenye gari, kipimo ni kama mkono unaifikia ukiwa umefunga mkanda wa usalama. Kiunoni upande wa nyuma mara nyingi haifikiwi. Hapo aina ya bastola haina maana kubwa, mahali pa kuibeba ndipo penye uamuzi.

Ikiwa unaijua rivolva kwa miaka na unaipiga vizuri, usihame kwa sababu ya tangazo. Tano unazozimiliki kweli si chache.

Na ikiwa bado umekwama kati ya mbili, tafuta uwanja wa shabaha unaokodisha au rafiki mwenye kibali anayeweza kukusimamia uwanjani ikiwa sheria inaruhusu. Piga risasi hamsini kwa kila moja kwa umbali wa mita tano na mita kumi, siku hiyohiyo. Usiangalie kumi za mwanzo, mtu yeyote hujikaza kwa kumi. Hesabu matundu ya kumi za mwisho, mkono ukiwa umechoka.